Kaburi Lenye Upindo

Jumatatu, 9 Septemba 2013

Siku kubwa. Naandika haraka kabla sijasahau nilichosema.

Kitabu hiki chenyewe kimetoka kwa kampuni ya gesi. Katika mkutano wao wa kwanza wengine walichukua kofia na fulana. Mimi niliomba kitabu chenye tarehe, maana ni katibu wa baraza la shule ya Nkwamba, na katibu hawezi kuandika juu ya kofia.

Leo mwalimu mkuu, Bwana João Baptista, alituita wajumbe wote kumi na wawili. Habari: kampuni itajenga shule moja ya matofali upande wetu huu. Madarasa sita, bati juu, hadi darasa la saba. Moja tu! Tumetangulizwa sisi kwa sababu shule yetu ya makuti inaishia darasa la tano na watoto wamejaa. Sharti ni kwamba baraza lichague kiwanja kisicho na mgogoro, na acta, yaani muhtasari wa kikao, yenye sahihi zetu ifike wilayani Palma tarehe thelathini. Tukishindwa, shule inakwenda kijiji cha Nanjedya.

Laila wangu yuko darasa la tano. Akimaliza Novemba, hana pa kwenda. Kumpeleka Palma akalale kwa watu sitaki, na mama yake hataki. Kwa hiyo shule hii ni ya Laila. Nilisema hivyo kikaoni.

Kisha tukaanza kugombana. Viwanja ni viwili. Kimoja kiko juu, ubavuni mwa mikorosho yangu. Kingine kiko chini, karibu na msikiti, ubavuni mwa nyumba ya Selemane. Huyu Selemane ndiye mwenyekiti wa baraza. Pia ni kaka yake Atija, mke wangu. Sina la kuongeza.

Nilieleza kwa utulivu kwamba juu kuna upepo. Selemane akasema upepo haujawahi kumfundisha mtu kusoma. Watu wakacheka. Mwalimu mkuu akaahirisha kikao.

Jumatano, 11 Septemba

Nimesalitiwa!

Tangu jana nilizunguka nyumba sita, nikanywa chai zote sita, nikapata ahadi sita. Pamoja nami, saba. Leo tumepiga kura ya mikono. Mikono iliyonyanyuka kwa kiwanja cha juu: mitano. Amade, niliyemshonea kanzu ya Idi kabla ya watu wote, alinyanyua mkono wake kwa Selemane huku akitazama makuti, asikutane na macho yangu.

Saba kwa tano. Acta nimeiandika mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Nimeandika ukweli mtupu. Ila jina la mwenyekiti nimelipunguza kidogo ukubwa wa herufi.

Humu naweza kusema. Jambo lenyewe si upepo. Shule ikikaa juu, watu wakielekezana watasema: pale kwa fundi Abdulcarimo. Miaka ishirini na mitatu nimeshona nguo za kijiji hiki, na bado wakielekezana kwangu wanasema: nyuma ya kwa Selemane. Inaniuma. Mtu asiyeumia kwa hilo hajaumbwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala mwalimu mkuu alinipa fomu niijaze kama katibu. Mtaalamu wa viwanja, mama mmoja mhandisi wa Maputo aitwaye Engenheira Dércia, atakuja Jumatano kupima. Fomu ina maswali mengi: maji, njia, mafuriko. Swali la tisa: je, kiwanjani pana kaburi?

Nikauliza, kama lipo? Mwalimu mkuu akasema likiwepo kampuni haigusi. Wameagizwa hivyo kutoka juu. Wanahama na kwenda kiwanja kingine, basi.

Nikauliza tena, kaburi moja tu? Akasema hata moja.

Sikulala mchana. Swali la tisa linanizunguka kichwani.

Jumamosi, 14 Septemba

Imekwisha. Mungu anisamehe. Nadhani atanisamehe, maana ni kwa ajili ya elimu.

Nilishuka kiwanja cha chini alfajiri baada ya sala, wakati watu wamerudi kujinyoosha kidogo. Mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani, moja miguuni, kuelekea kama inavyotakiwa. Nikapalilia katikati. Juu ya jiwe la kichwa nikafunga kipande cha bafta nyeupe. Nikamwaga marashi kidogo ya Atija. Kazi safi. Ukipita pale unasema, hapa amelala mtu.

Atija ameuliza nani amegusa marashi yake. Nimesema hali ya hewa ya sasa inakausha kila kitu.

Jumatatu, 16 Septemba

Kijiji kizima kinazungumza. Mwadhini ndiye aliyeliona kwanza. Selemane akasema amekaa pale miaka arobaini na hakuna kaburi. Nilijaza kwenye fomu: ndiyo, lipo moja.

Jambo la ajabu. Bi Muanacha, ambaye ndiye mkubwa wa wote hapa, aliletwa akaegemea fimbo, akalitazama sana. Akasema alikuwa akilijua. Bibi yake alimwonyesha alipokuwa mdogo. Ni sharifu aliyetoka Ngazija, alifika hapa na homa akafa siku ya tatu. Mchanga ulikuwa umemfunika, sasa ameamua kujitokeza.

Nilitaka kucheka, kisha sikutaka. Mama huyu hajawahi kusema uongo. Jioni nimeona moshi wa ubani pale chini.

Jumatano, 18 Septemba

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Engenheira Dércia alikuja na gari na vijana wawili wenye kamba ya kupimia. Alipoona bafta alisimama, akavua kofia, akawaambia vijana wakunje kamba. Mama mwenye adabu. Akaniuliza mimi, katibu, kama pana kiwanja kingine. Nikasema kipo, kiko juu, kina upepo. Akasema atakuja Jumatatu.

Selemane alichutama pale kaburini. Akaishika bafta, akaisugua ukingo kwa vidole viwili, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akanitazama. Akasema: “Shemeji, sharifu huyu ana fundi mzuri.”

Upindo! Niliipinda ile bafta. Upindo mwembamba, mshono mmoja, ule wangu ninaojulikana nao toka hapa hadi Mocímboa. Sikuwaza hata kidogo. Siwezi kuacha kitambaa kikiwa na nyuzi zinazoning’inia. Mkono unakataa.

Lakini hakusema zaidi. Hana ushahidi wa kusimama nao mbele ya watu. Nani atakwenda kumfungua sharifu kitambaa?

Jumamosi, 21 Septemba

Siku nzito.

Selemane ameandaa kisomo kwa ajili ya sharifu. Mbuzi, wali, watu wote. Kutokwenda ni kujitangaza. Nikavaa kanzu nikaenda. Nilikaa nyuma. Selemane akasimama akasema kwamba aliyejaza fomu na kulisajili kaburi hili ni shemeji yake, kwa hiyo heshima ya kuomba dua ni yake.

Nilisogezwa mbele. Nikainua mikono. Nikasoma Fatiha juu ya mawe niliyoyabeba mwenyewe kwenye mfuko wa vitambaa. Watu wakaitikia amina. Bi Muanacha alikuwa akilia kwa furaha, machozi ya kweli, akisema sasa mgeni hatalala peke yake.

Nilisoma kwa ajili ya nani? Niliogopa. Naandika hapa kwamba niliogopa. Sikuweza kula, nami hula sana kwenye visomo.

Niliporudi Laila akaniuliza kama shule ya juu itakuwa na madirisha ya vioo. Nikasema itakuwa nayo.

Jumatatu, 23 Septemba

Wauaji! Wanafiki!

Tulipanda juu saa tatu asubuhi, Engenheira Dércia mbele, mimi ubavuni nikimweleza mambo ya upepo. Tukatokea kwenye mikorosho. Makaburi saba!

Saba! Yamepangwa mstari mmoja, mawe mapya bado yana chumvi ya ufukweni. Moja ni fupi, la mtoto. Kila moja lina kitambaa cheupe kilichochanwa kwa mkono, bila upindo wala aibu.

Nilipiga kelele kwamba ni ya uongo. Engenheira akauliza nimejuaje. Nikasema nilipita hapa jana hayakuwepo. Selemane akasema kwa upole mkubwa kwamba hata la sharifu halikuwepo Ijumaa, Jumamosi likawepo, na shemeji mwenyewe aliliandika kwenye fomu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Bi Muanacha aliulizwa. Alitazama sana. Akasema inawezekana ni wanafunzi wa sharifu, maana alikuja na watu.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Ningelitoa, ningelazimika kutoa na la pili, la mawe yangu. Nikaufunga.

Engenheira Dércia akaandika. Akauliza kama pana kiwanja cha tatu. Hapana. Kwingine kote ni mashamba ya watu na kinamasi. Akasema anasikitika, na nikaona kweli anasikitika. Ametuachia hadi tarehe thelathini.

Jumatatu, 30 Septemba

Kikao cha mwisho. Naandika polepole.

Mwalimu mkuu hakukaa. Alisema yeye ni mtu wa Zambezia, wafu wake wako mbali, hana ugomvi na maiti wa mtu. Lakini makaburi manane ndani ya siku kumi, katika miaka yake sita hapa hajapata kuyaona. Alisema hataki kujua nani kafanya nini. Akaweka acta tupu juu ya meza, imeandikwa kiwanja cha juu na kiwanja cha chini, na pembeni yake kalamu. Akasema atatoka nje akanywe maji. Atakayejua kwamba kiwanja kimojawapo hakina mtu, aweke alama tu. Hataulizwa leo, hataulizwa kesho. Gari ya wilaya itapita saa sita kuchukua karatasi.

Akatoka.

Tulibaki kumi na wawili na kalamu moja. Selemane alinitazama. Nikamtazama. Angeinuka yeye, ningeinuka. Wallahi ningeinuka. Nadhani naye alikuwa akiwaza hivyohivyo, maana aliweka viganja mezani kama mtu anayetaka kusimama, kisha akavirudisha mapajani. Amade alikuwa akitazama makuti.

Darasa la tano wako nyuma ya ukuta wa matete. Walikuwa wakisoma Kireno kwa sauti, mmoja anatangulia, wengine wanafuata. Anayetangulia alikuwa Laila. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama.

Mwalimu mkuu aliporudi aliitazama karatasi. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti, akanisogezea, akasema: “Katibu, andika kwamba Nkwamba haina kiwanja.”

Nimeandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anasema hivyo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Atija hasemi nami tangu Jumatatu. Hata na kaka yake hasemi, kwa hiyo angalau kuna haki. Chakula kinawekwa mlangoni. Laila anasema nami, na hiyo ni mbaya zaidi. Amefunika madaftari yake yote ya darasa la tano kwa karatasi ya mifuko ya saruji, ameyapanga juu ya kabati, akasema ili yasiharibike. Sikumuuliza yanatunzwa kwa ajili ya nini.

Watu wa Nanjedya wamepita leo barabarani na ngoma, wanakwenda Palma kutia sahihi. Wamepita mbele ya cherehani yangu makusudi! Mwenyekiti wao, Custódio, alinipungia mkono. Kama mfalme vile! Mtu ambaye suruali yake naijua ilipopasuka.

Hasira ilinishika. Wao wamepata kwa lipi? Wamejaza fomu nani akaihakiki? Kila kijiji cha pwani hii kina wafu wa kale, hilo linajulikana. Nikachukua karatasi safi, nikamwandikia Engenheira Dércia kwamba mimi, kwa uzoefu wangu, nina habari za makaburi ya kale kwenye kiwanja cha Nanjedya. Kwa kawaida Laila hunisahihishia Kireno. Hii sikumwonyesha. Nikatia sahihi: Abdulcarimo Aiuba, Katibu na Mjuzi wa Makaburi.

Germano wa pikipiki ameipeleka Palma adhuhuri. Nimejisikia vizuri kwa muda wa kama saa moja.

Jumapili, 6 Oktoba

Atija amesema nami! Amecheka, hata!

Ilikuwa hivi. Laila na wasichana watatu wa darasa lake waliondoka asubuhi bila kumwambia mtu. Tulihangaika. Saa tano wakarudi na vumbi hadi magotini. Walikwenda Nanjedya kwa miguu, kupima njia. Mwendo wa saa moja na nusu, kwa njia ya nyuma ya kinamasi, wala haichoshi. Walimkuta Custódio mwenyewe. Akawaambia watoto wa Nkwamba watakaribishwa kama wa Nanjedya, madarasa sita yanatosha, Februari waje. Aliwapa mihogo ya kuchemsha.

Atija akasema basi, Laila atasoma. Atatoka baada ya sala, atarudi adhuhuri, na wenzake, hakuna kulala kwa watu. Kisha akaja hadi kwenye cherehani, akaniita Baba Laila kwa sauti yake ya zamani, akasema nimshonee mtoto sare ya darasa la sita.

Nimempima. Amerefuka sana, sikuwa nimeona. Anajisimamisha wima akinipa mikono, anauliza kama huko darasa la sita kuna jiografia. Nilikuwa na pini mdomoni.

Baada ya hapo nimekaa peke yangu. Ile barua. Kesho ningeweza kupanda gari ya asubuhi hadi Palma, nikaiomba, nikaichana. Ni jambo la nusu siku. Lakini nitasema nini? Nikisema Nanjedya hakuna makaburi, wataniuliza na ya Nkwamba. Selemane atasikia kabla sijashuka garini. Atakuwa mwenyekiti hadi kufa kwake, na mimi nitakuwa nani? Mwongo nyuma ya kwa Selemane.

Tena barua za watu kama sisi hazisomwi. Zinawekwa chini ya nyingine. Nimeamua kutojisumbua. Nimekata sketi ya buluu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Barua imejibiwa!

Germano ameileta mwenyewe hadi mlangoni, katika bahasha ya rangi ya mchanga. Jina langu limepigwa chapa kamili, halikukosewa hata herufi. Chini kuna mhuri. Mhuri wa duara, wa zambarau! Selemane ana miaka tisa ya uenyekiti na hajawahi kuandikiwa barua yenye mhuri. Nilimwomba Germano arudi kwa njia ya msikitini, aseme alikotoka.

Engenheira Dércia ananishukuru kwa uangalifu wangu. Kazi ya Nanjedya imesimamishwa. Jumanne atakwenda na watu wa wilaya, na anamwomba Senhor Abdulcarimo Aiuba, mjuzi, awe kiongozi wa msafara na kuwaonyesha makaburi yalipo. Kiongozi wa msafara! Nimeisoma mara nne. Ya tano nimeisoma kwa sauti, peke yangu, nimesimama.

Shati la Laila limekwisha tangu jana, imebaki vifungo. Nimeiweka sare pembeni, nahitaji meza. Nina kanzu ya kupiga pasi na mambo ya kutayarisha, maana Jumanne si mbali na kiwanja chenyewe sijakiona. Nimekata bafta. Safari hii sikuipinda. Mtu hujifunza.

Nitaondoka kesho baada ya alfajiri. Nilimwambia Laila nataka kwenda kuiona ile shule yake itakapojengwa. Alifurahi mno, akachukua kijiti akanichorea njia yote mchangani, mahali pa kukata kulia, mahali penye tope, hadi pale.